Kigingi, Mstari na Nchi ya Mpakani

Watu wawili wanaogombania lupango, yaani kiwanja, pembezoni mwa mji wa Kamina mara nyingi hawagombanii kitu kimoja. Mmoja ameshika karatasi ya ofisi yenye namba na vipimo vya mita. Mwenzake anasema alionyeshwa mpaka na mzee wa kijiji: unaanzia kwenye kichuguu, unafuata njia ya miguu, unaishia pale kijito kinapokata barabara. Mwamuzi akiwauliza mpaka uko wapi, wote wawili hujibu kwa neno lilelile, mupaka, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Neno hilo limebebeshwa mizigo mitatu. Linataja alama iliyo ardhini, linataja mstari unaotenganisha mali na mali, tena linataja nchi yote ya pembezoni ambako nguvu ya mkubwa mmoja imefifia na ya mwingine haijashika. Kwa maoni yangu kesi nyingi za ardhi za mkoa wetu wa Haut-Lomami, Kongo, zingeisha mapema kama kila mdai angelazimishwa kusema kwanza anazungumzia upi kati ya hiyo mitatu. Na huo wa tatu, nchi ya mpakani, ndio uliotugharimu zaidi, kwa kuwa sheria haikuupa jina.

Waskoti wa zamani walikuwa makini kuliko sisi katika jambo hili, ndiyo maana nawaleta hapa ingawa kwao ni mbali na muhogo haumei. Katika hati zao za ardhi mpaka ulitajwa kwa maneno mawili yaliyotembea pamoja, meith na march. Meith ni alama: jiwe, mti, shimo, kijito, kitu cha kuonyesha kwa kidole. March ni mstari unaotoka alama hadi alama, hata mahali ambapo macho hayaoni chochote. Wakulima wao, ambao mashamba yao yalikatwa vipande vyembamba na kuchanganywa, cha huyu kando ya cha yule, waliongeza neno jingine, bauk, yaani ukanda usiolimwa unaoachwa kati ya matuta ya majirani wawili.

Neno march likasogea likawa nchi nzima. Kwenye mpaka wa Scotland na Uingereza palikuwa na march tatu kila upande, ya mashariki, ya kati na ya magharibi, kila moja na mlinzi wake mkuu. Sheria zake, zilizoandikwa mwaka 1249, hazikuwa sawa na zile zilizotumika ndani ya falme zenyewe, maana ilikubaliwa wazi kwamba watu wa pembezoni wana maisha ya namna yao na wizi wa ng'ombe wa namna yao. Kati ya mito Esk na Sark kikabaki kipande ambacho kila mfalme alikidai na hakuna aliyekitawala. Kiliitwa nchi ya ubishi. Mwaka 1552 ndipo kikagawanywa kwa handaki lililochimbwa katikati yake, balozi wa Ufaransa akiwa msuluhishi.

Alama nazo hufa. Jiwe huviringishwa, mti hukatwa kuni, mto huhama. Miji ya Scotland ilijikinga kwa miguu: kila mwaka wenyeji walizunguka mipaka ya ardhi ya mji wao wakikagua jiwe baada ya jiwe, na Lanark na Selkirk wangali wanafanya hivyo kila Juni, siku hizi kama sikukuu. Mji wa Aberdeen, uliopewa ardhi na mfalme Robert the Bruce mwaka 1319, una mawe ya mpaka yenye namba ambayo mengi yangali yamesimama. Kisha mwaka 1669 bunge lao likatoa ruhusa ya aina nyingine. Jirani wakitaka kujenga ukuta wa pamoja na mpaka wao umepinda, hakimu aliweza kuunyoosha, akaamuru anayepoteza kipande alipwe, na ukuta mpya ukawa ndio mpaka. Hapo alama ilipewa uwezo wa kuhamisha mstari. Ofisi zetu za ardhi hufanya jambo linalofanana na hilo kila wiki, ila sehemu ya kulipa husahaulika.

Kwa Kiluba, lugha ya wenyeji wa Kamina na ya sehemu kubwa ya mkoa, mpaka ni mukalo, kwa wingi mikalo. Lakini ukimsikiliza mzee akieleza ardhi yao, neno hilo halitangulii. Linalotangulia ni ntanda, nchi, na papo hapo mwine ntanda, mwenye nchi. Kwanza atakuambia nchi ni ya nani, ndipo aanze kutafuta inapoishia. Akisukumwa sana na mpimaji, ambaye kwetu huitwa jeometa, atamjibu kwa Kiswahili cha Katanga: "Mwana, mupaka iko pale batu ba mufumu mwingine banaanzia," yaani pale wanapoanzia watu wa mkubwa mwingine. Jibu hilo humkera jeometa, kwa sababu watu huhama na kamba yake haipimi watu. Kwa utaratibu uliomlea mzee, hata hivyo, ni jibu kamili.

Utaratibu huo ni wa ufalme wa Luba. Mfalme, mulopwe, hakutawala kwa kuchora ukingo wa nchi yake. Nguvu yake ilitoka kitovuni, kwenye makao yake, ikapungua kadiri unavyokwenda mbali, na kipimo chake kilikuwa mulambu, ushuru uliopelekwa kwa mkubwa: samaki, chumvi, chuma, nguo za raffia. Kijiji kilichopeleka mulambu kilikuwa ndani. Kilichoacha kupeleka kilikuwa kimetoka, bila mtu yeyote kugusa jiwe. Mulopwe alipofariki, makao yake yaligeuka kitenta, mahali patakatifu palipokaliwa na mwanamke aliyeitwa mwadi, mwenye kubeba roho ya marehemu, na mfalme mpya akajenga makao mengine kwingineko. Hivyo nchi ilizidi kujaa vitovu, vya walio hai na vya waliokufa. Kijiji cha pembezoni kikaweza kuwa na deni la heshima kwa kitenta kimoja na deni la mulambu kwa mkubwa mwingine, na hakuna aliyeona kwamba hilo ni fujo.

Kumbukumbu ya mambo hayo ilitunzwa na chama cha Mbudye. Wenye cheo ndani yake walisoma lukasa, ubao wa mti wa kushikwa mkononi, wenye shanga, makombe na michoro ya kukatwa. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikafuata shanga, huku akisimulia safari za waanzilishi, maziwa matakatifu, nafasi za wakubwa katika baraza. Siku hizi mbao nyingi za aina hiyo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, watu wakizitazama kama sanaa. Sanaa ni kweli. Lakini kwa mtu wa fani yangu lukasa ni aina ya daftari la ardhi pia, linalotunza nani anahusiana na mahali gani na kwa haki ipi. Vipimo halina, na lilihitaji msomaji aliyefundishwa miaka mingi. Daftari la ofisi yetu nalo linahitaji msomaji aliyefundishwa.

Mtu asidhani kwamba Waluba hawakujua mipaka mikali. Penye mali ya kugombaniwa kila siku, mipaka ilikazwa. Bonde la Upemba, mashariki mwa Kamina, lina maziwa na vinamasi ambako watu wamevua na kuzika wafu wao kwa zaidi ya miaka 1000. Makaburi ya Sanga, yaliyofukuliwa na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1957, yanashuhudia. Katika ziwa Kisale kuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na wavuvi hujenga vibanda vyao juu yake. Utaweka wapi kigingi juu ya kisiwa kinachosukumwa na upepo? Mahali kama hapo mpaka unaodumu ni ule wa haki: nani anavua wapi, majira gani, na anampa nani sehemu ya samaki.

Mstari mnyoofu uliletwa na watu ambao hawakuwa wameiona ardhi. Tarehe 1 Julai 1885, mara tu Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili ilipotangazwa, ilitoka amri kwamba mtu asiwanyang'anye wenyeji ardhi wanayoikalia, na kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Sehemu ya kwanza inasikika vizuri. Hila imo katika ya pili, katika neno tupu. Mwaka 1906 sheria nyingine ikafafanua ardhi ya wenyeji kuwa ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa kufuata desturi zao. Sasa fikiria kilimo cha misitu yetu ya miombo. Shamba hulimwa miaka michache, kisha huachwa mpaka miti irudi. Msitu wa kuwinda huchomwa kwa zamu. Kati ya nchi ya mkubwa huyu na ya yule huachwa pori ambalo wote wawili hupita, hukusanya uyoga, viwavi na asali, wala hakuna anayejenga. Ofisa alipopita hapo hakuona moshi wala jembe, akaandika: tupu. Nchi ya mpakani, ambayo Waskoti waliipa jina na walinzi na sheria zake, kwetu iliingizwa kwenye kitabu kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Katanga ilipata pigo la ziada. Kwa mkataba wa mwaka 1891, Compagnie du Katanga ilipewa theluthi ya ardhi iliyoitwa tupu, theluthi mbili zikabaki za dola. Namna ya kugawana ilikuwa kukata nchi miraba kwenye ramani, hii yako, ile yangu, kwa mistari ya latitudo na longitudo. Mstari wa namna hiyo hupita katikati ya mto, ya kinamasi, hata ya kijiji, bila kuuliza. Pande zote mbili ziliona haraka kwamba haitawezekana, na mwaka 1900 zikaunda Comité Spécial du Katanga isimamie ardhi yote kwa pamoja, wajumbe wanne wakitoka upande wa dola na wawili upande wa kampuni. Ni kamati hiyo iliyotuma wapimaji na kuchapisha ramani za Katanga za kipimo cha 1:200 000, ambazo watu wa kazi yetu bado wanazifungua wakitafuta jina la zamani la kijito.

Mpaka na nchi ambayo leo ni Zambia ulichorwa kwa fikra iliyoonekana ya busara zaidi. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 ulisema mstari ufuate kilele kinachogawa maji, yaani mahali ambapo tone la mvua likianguka upande huu huenda mto Kongo na upande ule huenda Zambezi. Juu ya meza ni safi kabisa. Katika uwanda wa kusini mwa Katanga, nchi ni tambarare, maji husimama kwenye mabonde ya nyasi na hayajui yaende wapi. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilihangaika huko kuanzia mwaka 1911 hadi 1914 ikitafuta kilele ambacho jicho halikioni, ikisimamisha nguzo za mpaka porini. Mkataba ulitoa mstari bila alama, tume ikalazimika kuzizaa alama. Kamina yenyewe iko juu ya uwanda unaogawa maji: mashariki yanateremka kwenda Lualaba, na karibu na hapa ndipo unapozaliwa mto Lomami unaokwenda kaskazini hadi kuingia mto Kongo karibu na Isangi. Ndiyo maana mkoa unaitwa Haut-Lomami, Lomami ya juu, na ndiyo maana mgeni huuchanganya na mkoa jirani wa Lomami, ambao makao yake makuu ni Kabinda.

Ndani ya nchi ya Waluba, mistari ya utawala ilitokana na ugomvi wa nasaba. Baada ya kifo cha mulopwe Kasongo Kalombo mwishoni mwa karne ya 19, warithi walipigana, na mwishowe wakabaki wawili wenye nguvu, Kabongo na Kasongo Nyembo. Wabelgiji walimtambua Kabongo. Kasongo Nyembo alipambana nao kwa miaka mingi hadi aliposhikwa mwaka 1917. Sheria ya mwaka 1910 ilikuwa tayari imeamuru kila mwenyeji awe chini ya sheferi inayotambuliwa, yenye eneo lake. Basi ugomvi wa watu wawili wa ukoo mmoja, ambao katika utaratibu wa kale ungeweza kuisha kwa mmoja kushinda na mipaka kuyeyuka, uligandishwa kuwa mistari kwenye ramani. Hadi leo Kabongo ni jina la teritwari, na sheferi ya Kasongo Nyembo imo katika teritwari ya Kamina. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza sheferi kuwa mkusanyiko wa jamii za kienyeji zenye asili moja, chini ya mkubwa aliyechaguliwa kwa desturi. Soma tena: mkusanyiko wa jamii. Sheria ya Jamhuri, kwenye suala hili, inamwelewa yule mzee aliyesema mpaka uko pale watu wa mkubwa mwingine wanaanzia. Ila jirani wa mzee atakwenda mahakamani na ramani.

Kuhusu alama zenyewe, majirani zetu wa Afrika Mashariki wametupita kwa jambo moja: wanapanda mipaka. Wachaga wa Kilimanjaro hutumia masale, mmea ambao pia hutumika kuomba msamaha. Kung'oa sale la jirani ni kosa la ardhi na la adabu kwa pamoja. Rwanda na nchi za kandokando yake hupanda imiyenzi, mnyaa wenye utomvu mkali ambao ng'ombe hauli na ambao ukikatwa huchipua tena. Alama iliyo hai ina faida kubwa: kuihamisha huchukua miaka, kwa hiyo mwizi huonekana. Sisi wa Katanga tunapenda kutaja kichuguu. Vichuguu vyetu ni vikubwa, vingine vina urefu wa nyumba, na mtu huona hakuna alama imara kuliko hiyo. Tatizo ni udongo wake, ambao ndio bora kwa matofali. Mji unapokua, wafyatua matofali hukila kichuguu upande mmoja hadi mwingine, na baada ya misimu michache mashahidi wanabishana juu ya shimo.

Kanuni ya adhabu ya Kongo ina kifungu ambacho watu wachache wanakijua, cha kumwadhibu anayeng'oa au kuhamisha kwa nia mbaya mawe ya mpaka. Kifungu hicho hakikuishia kwenye mawe. Kinataja pia miti iliyopandwa au iliyotambuliwa kuwa inaonyesha mpaka kati ya mali na mali. Iliyotambuliwa ndilo neno la kushika. Mwembe ambao hakuna aliyeupanda kwa ajili ya mpaka, lakini majirani wote wamekubali kwa miaka kwamba unaonyesha mpaka, una ulinzi wa sheria sawa na jiwe la saruji la serikali. Nimesikia watu wakiambiwa ofisini kwamba mti si ushahidi. Wawaombe waliosema hivyo wafungue kanuni.

Sheria ya ardhi yenyewe ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, namba 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Dola peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupitwa na muda. Raia hapati ardhi. Hupata haki ya kuitumia, na haki hiyo juu ya ardhi iliyosajiliwa huthibitishwa kwa cheti kimoja tu, certificat d'enregistrement, kinachotolewa na konsavateri wa hati za ardhi. Mfumo huo una asili ya mbali: Robert Torrens aliuanzisha Australia Kusini mwaka 1858, na Dola Huru ya Kongo iliuchukua katikati ya miaka ya 1880. Wazo lake ni kwamba daftari haliandiki haki iliyopo tu, bali linaizaa. Kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Kabla ya cheti kuna kazi ya kupima na kuweka mawe, ambayo Kifaransa huita bornage. Jeometa huja na vyombo vyake, majirani huitwa, mawe ya mpaka hufukiwa kwenye pembe za kiwanja, kisha huandikwa taarifa yenye saini. Kwa maneno ya Waskoti, hapa ndipo meith na march hufungwa ndoa: kila mstari unapewa alama, na kila alama inaingizwa katika mstari. Kazi ikifanywa vizuri hakuna chombo kizuri kuliko hiki. Huharibika pale majirani wanapoitwa kwa jina tu, au wanapoletewa karatasi jioni watie saini bila kutembea mpaka wenyewe.

Na nchi ya mpakani je? Vifungu vya 387 hadi 389 vya sheria ya 1973 viliiingiza ardhi ya jamii za wenyeji katika ardhi ya Dola. Ardhi hiyo ikaelezwa kuwa ile ambayo jamii inaikaa, inailima au inaitumia kwa namna yoyote, ya mtu mmoja mmoja au ya pamoja, kwa kufuata desturi. Namna yoyote, ya pamoja: hapo pori la uyoga na viwavi lingeweza kupata nafasi yake. Lakini haki za wenyeji juu yake ziliachwa zije kupangwa na amri ya Rais wa Jamhuri, na miongo mingi ilipita bila amri hiyo kutoka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Desturi basi inalindwa juu, katika Katiba, na inakosa utaratibu chini, katika ofisi. Katika pengo hilo ndimo mkubwa wa kienyeji anapouza kwa mkono mmoja na mtumishi wa serikali anapogawa kwa mkono mwingine, kila mmoja akiwa na karatasi.

Kamina ni mahali pa kuona hayo yote kwa siku moja ya kutembea. Mji ulikua kwa reli. Njia ya kampuni ya BCK kati ya Bukama na Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na mwaka 1956 ikaongezwa ile ya kwenda Kabalo, Kamina ikawa njia panda. Reli ina ardhi yake, ukanda unaofuata njia na uwanja wa stesheni, pamoja na nyumba za wafanyakazi. Leo ni mambo ya SNCC, shirika la reli la taifa. Nje ya mji iko BAKA, kambi kubwa ya kijeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye eneo lake ambalo halipimwi na jeometa wa kiraia. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga ulipokatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami, Kamina ikawa makao makuu ya mkoa. Mji una manispaa tatu, Kamina, Dimayi na Sobongo, na kuuzunguka kuna ardhi ya sheferi.

Makao makuu huvuta watu, na watu hutafuta viwanja. Kijiji kilichokuwa mwendo wa saa moja sasa kinagusana na mtaa. Hapo ndipo ile nchi ya mpakani inaporudi kudai jina lake. Je, ni mji, ambako kiwanja hugawiwa kwa kufuata mpango wa ofisi? Au ni sheferi, ambako mwenye nchi bado huombwa kwa kuku na kinywaji na fedha? Mipaka ya mji imeandikwa katika maandishi ya serikali kwa majina ya vijito na vilima, na kijito kimoja huwa na jina moja kwa wenyeji na jingine kwenye ramani. Aliyenunua kwa mkubwa wa kijiji anagundua kwamba kiwanja chake kimo ndani ya mpango wa mji, kina namba tayari, na namba ina mwenyewe. Ni kweli alionyeshwa mukalo. Ni kweli pia kwamba mwenzake ana mawe.

Kuna njia moja ya kisheria ambapo vitu vyote vitatu, alama, mstari na nchi ya mpakani, huandikwa pamoja, nayo haikutoka katika sheria ya ardhi, ilitoka kwa watu wa misitu. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kienyeji kupewa msitu wake hadi hekta 50 000, kwa sharti la ramani inayochorwa na wenyeji wenyewe pamoja na majirani zao. Wazee wa pande zote mbili hutembea na vijana wenye GPS, huzitaja alama kwa majina yake ya Kiluba au ya lugha nyingine yoyote, hukubaliana mstari, na pori la pamoja huonyeshwa kama pori la pamoja. Kazi hiyo ni ya polepole na ya gharama. Nadhani ofisi za ardhi za miji zingeweza kuiga sehemu ya kutembea, walau kwa viwanja vya pembezoni.

Anayetaka kununua leo Dimayi au nje kidogo ya Sobongo afanye mambo machache yasiyo na ufundi mkubwa. Aulize kwanza ardhi hiyo iko chini ya mji au chini ya sheferi, na ajibiwe kwa maandishi na pande zote mbili. Atembee mpaka mzima na majirani wa kila upande, mchana, akiandika kila alama jinsi wao wanavyoiita. Asikubali kichuguu peke yake. Kisha aende kuuliza kwa konsavateri kama kuna cheti kilichokwisha kutolewa juu ya kipande hicho, na kilitolewa lini. Hili la tarehe watu hulipuuza. Cheti kikishapita miaka miwili bila kupingwa mahakamani, haki iliyomo haitikisiki tena. Mwenye malalamiko anaweza kudai fidia ya fedha, ila mstari unabaki pale karatasi ilipouweka, hata kama mwembe, mashahidi na kaburi la babu viko upande mwingine.